Viti vyekundu vilinimaliza: ukitaka sedani ya kifahari yenye mbio, soma hapa kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka sedani ya kifahari, milango minne, inayokimbia, ila isinisumbue. Nimepata moja nyeusi, viti vyekundu, kali sana. Nichukue?" Nimecheka peke yangu kama chizi, maana viti vyekundu ndo vilivyonimaliza na mimi.

Gari yangu ya kwanza ya aina hiyo sitaitaja kampuni yake, wapenzi wake wako wengi humu na sina nguvu za kugombana. Ilikuwa turbo, silinda nne, ngozi nyekundu ndani, ekzosi inakohoa ukiachia mafuta, yaani mpaka watoto wanageuka. Nilienda kuiona jioni. Nikaweka mkono juu ya boneti nikakuta ya moto, nikajiambia ah, jamaa atakuwa katoka nayo kazini. Hapo hapo ndo niliuziwa, kabla hata ya kuongea bei. Gari inayokula oili ukiiwasha ikiwa imeshapata moto inaweza kunyamaza kimya kama haina dhambi, mambo yake inayatoa asubuhi ikiwa imelala usiku mzima.

Mwezi wa pili nikaiona hiyo asubuhi. Nimewasha, moshi wa bluu unatoka nyuma, mke wangu kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, hakusema kitu, akarudi ndani akafunga mlango. Toka siku hiyo nikawa natembea na galoni ya oili kwenye buti. Kila kilomita elfu moja naongeza lita nzima!

Halafu ikaja giaboksi, inatoka ya pili kwenda ya tatu inapiga kama mtu kakugonga kwa nyuma. Fundi akanichotea oili yake kwenye kikombe cha plastiki, nyeusi tii, inanuka kuungua. Na mimi nilikuwa nimeambiwa na muuzaji, kwa kujiamini kabisa, kwamba oili ya giaboksi ya hizi gari haibadilishwi, ni ya maisha. Maisha ya nani sasa? ZF, ambao giaboksi zao za otomatiki zimefungwa kwenye sedani kibao za Kijerumani, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Anayeitengeneza anasema ibadilishwe, anayekuuzia anasema iache, na mimi nikamsikiliza anayeniuzia kwa sababu alikuwa anasema nilichotaka kusikia.

Kilichoniuma zaidi si hela. Shemeji yangu aliniuliza mbele ya ukoo mzima, "Shem, hivi ile gari ni yako au ya fundi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Inaniuma mpaka leo, shem kama unasoma hapa ujue.

Nikaiuza kwa hasara. Mnunuzi nilimwambia kila kitu, ndo maana hasara ikawa kubwa zaidi, lakini usingizi nalala.

Sasa hivi naendesha Lexus IS 350 ya 2014, mwaka wa tatu huu, na acha niringe kidogo kwa sababu nimeteseka vya kutosha. Injini ni V6, yaani silinda sita, ya lita 3.5, haina turbo, nguvu ya farasi 306, inafika kilomita mia kwa saa kwa sekunde kama sita hivi. Ila farasi siyo walionishawishi. Kilichonishawishi ni kitu ambacho muuzaji hata hakukitaja. Injini nyingi za siku hizi zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo zile vali za kuingizia hewa hazipitiwi na mafuta kabisa, na taratibu zinajaa masizi mpaka gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Hii 3.5 ina nozeli za aina mbili, moja inapuliza ndani ya silinda na nyingine inapuliza nyuma ya vali, kwa hiyo vali zinaoshwa na petroli. Angalia tu, IS 250 ya kizazi kile kile cha umbo haina huo mpango, inapuliza ndani tu. Nembo moja, bodi moja, ukifungua boneti ni habari mbili tofauti. Ndo maana nasema kila siku, usiulize "Lexus ni nzuri?", uliza injini gani.

Kasoro yake ni siti ya nyuma, mtu mrefu atakulaani. Kama unabeba watu wazima kila siku tafuta Lexus GS 350, kubwa zaidi. Kuna Infiniti G37 pia, ambayo Japani inaitwa Skyline, V6 ya lita 3.7 bila turbo, farasi 328, inakunywa mafuta na ikizunguka sana inanguruma kwa ukali kidogo lakini ukikanyaga unasahau. Na wale mnaotaka BMW lazima, sawa, sitawazuia. BMW 3 ya umbo linaloitwa E90, yenye injini inayoitwa N52, silinda sita mstari mmoja, lita 3.0, haina turbo, ni tamu kwenye kona kuliko hata yangu, nakiri. Ila pampu yake ya maji ni ya umeme na wanaozijua hawasubiri ife, wanaibadilisha mapema. Ukiona muuzaji hajui hata kama ilishabadilishwa, weka hela ya pampu pembeni.

Sasa twende kwenye kununua. Fika asubuhi, injini iwe baridi. Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, na ukikuta boneti ina joto geuza urudi nyumbani, usijitungie hadithi ya katoka kazini kama mimi. Angalia tairi, ile namba ya DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi nne za kampuni nne tofauti kwenye gari ya kifahari zinakwambia mwenye gari alikuwa anabana hela, na aliyebana kwenye tairi kwenye oili alifanyaje?

Halafu nenda na kile kimashine cha kusomea kodi, siyo kodi ya serikali, ni zile namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi. Watu wengi wanachomeka, wanaona hakuna kodi, wanafurahi. Mimi pia nilifurahi! Kompyuta ya gari ina vipimo inavyojifanyia yenyewe ukiwa unaendesha, mtu akifuta kodi vile vipimo vinaanza upya, na mashine itakuonyesha havijakamilika. Taa ya injini kwenye dashibodi imezimika, kodi hakuna, lakini vipimo karibu vyote bado? Kuna mtu kafuta kitu juzi, au betri ilifunguliwa. Mwambie uko tayari kurudi baada ya wiki, aiendeshe, mpime tena. Mwenye gari safi atakubali, mwingine ataanza kukwambia kuna mteja anakuja na hela mkononi.

Na jamani tuache sifa. Tunanunua gari ili jirani aone, halafu tunashindwa kubadilisha oili. Kama hela ya gari ndo hela yote uliyonayo basi hiyo gari huiwezi, chukua ya chini yake, ubaki na hela ya kuihudumia. Nakwambia kwa uchungu, siyo kwa kukudharau.

Kwa hiyo wewe wa viti vyekundu, picha za ndani nimeziona, nzuri, zinatosha. Nitumie namba ya injini, karatasi za sevisi za giaboksi na video ikiwashwa asubuhi, kamera ikae nyuma kwenye ekzosi. Halafu ndo uniulize tena kama uchukue.