Fundi Anajibu: Ufa wa meza ya mwalimu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ipuli, Tabora. Mwezi wa tatu nilitengeneza meza ndogo ya mninga kwa mikono yangu. Niliunga mbao nne kwa gundi, na chini nikazikaza kwa papi mbili (vipande vyembamba vya mbao) zilizokingama, gundi pamoja na misumari. Ilipendeza hadi wenzangu wakaja kuitazama. Mwezi wa nane ikapasuka katikati, ufa unaingia ncha ya kidole. Mume wangu anasema bora ningenunua ya dukani. Wenzangu wanasema nisikate tamaa, nitengeneze nyingine niuze. Je, niliuziwa mbao mbovu? – Mwalimu, Ipuli

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usimlaumu muuza mbao bado. Mninga ni katika mbao tulivu kuliko nyingi tulizo nazo, ukikauka vizuri hauchezi sana. Mimi ninazishuku hizo papi.

Mbao hunenepa na kukonda hata baada ya kuwa fanicha. Masika zinavuta unyevu wa hewani, kiangazi zinautoa. Kinachobadilika ni upana, urefu karibu hausogei. Ukitaka kuamini, chukua kipande kipana, kipime kwa futi mwezi wa kwanza, kisha ukipime tena mwezi wa tisa. Sasa tazama ulichofanya. Mbao za juu zinataka kukonda, lakini papi imekingama chini yake, na papi kwa urefu wake haikondi. Umezibana pamoja kwa gundi na misumari. Kiangazi cha Tabora tunakijua, midomo yenyewe inapasuka, sembuse meza iliyofungwa isisogee.

Inatengenezeka. Ng'oa papi taratibu, ukitanguliza patasi pale penye gundi. Pasua meza kabisa kwenye ule ufa, piga randa kingo zote mbili mpaka zikikutanishwa mwanga usipite, kisha unga upya na ubane usiku kucha. Papi zirudishe kwa skrubu, bila tone la gundi. Tundu la katikati la kila papi liwe la kubana. Matundu ya pembeni yapanue kwa kekee na tupa ndogo yawe marefu, kufuata urefu wa papi, milimita chache tu kila upande, na chini ya kichwa cha skrubu weka washa, kile kibati cha duara chenye tundu. Meza ikikonda, skrubu itateleza nayo. Masika ikinenepa, vivyo hivyo. Na mbao za kazi ijayo zilaze kwanza ndani ya nyumba wiki kadhaa, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite kati yake.

Sasa hilo la kuuza. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Maisha yangu yote ya kazi nimeuza: vitanda, milango, madawati, majeneza. Mteja anataka Jumamosi, nawe unajua gundi inataka Jumapili. Unapiga msumari mahali palipostahili ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja kuchongwa iingie kwenye tundu la mwingine, kwa sababu bei mliyopatana hailipi ulimi na tundu. Siku hizi nimestaafu, nakaa hapa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, na kuna kiti namchongea mke wangu. Hakuna anayekisubiri, hata yeye hakisubiri, ana viti vingine. Kila jioni nakipiga msasa kidogo naacha. Jirani akipita lazima aulize, "Hicho bei gani?" Nikimwambia hakiuzwi ananitazama kama mgonjwa.

Wewe una mshahara wako, mwalimu. Ukishaweka bei, mteja ndiye anayeshika randa. Umetoka kusahihisha madaftari ya darasa zima, unakuja kuona maranda yakijiviringisha yenyewe mbele ya mkono wako, hiyo nayo ni faida. Anayetaka biashara aifanye, si haramu, ila asiambiwe kila mwenye burudani yake kwamba anapoteza muda. Na mume wako, siku ya kuunga upya mwombe akushikie upande wa pili wa mbao. Akishashika, hataitukana tena hiyo meza.

SWALI: Mzee, nina hela kidogo na chumba kimoja, ninamoishi na mke na mtoto. Nianze na vifaa gani? – Kijana, Urambo

JIBU: Msumeno wa mkono, randa, patasi mbili, nyundo, futi, skwea na jiwe la kunolea. Jiwe usiliruke, patasi butu ndiyo inayokata vidole. Mbao usinunue kwanza. Zungukia karakana za mafundi uombe vipande vilivyobaki. Kazi ya kwanza chonga bao: mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kete zake 64 ni za kuokota. Shimo moja likiharibika, wazee watacheza tu.

Lakini usifanyie chumbani. Tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga huwasumbua baadhi ya watu pua na kifua. Toka nje, funga kitambaa kizito au barakoa, jikung'ute kabla ya kumbeba mtoto.

SWALI: Nachonga miko na upawa. Nipake nini ing'ae? Vanishi inabanduka. – Mama Asha, Sikonge

JIBU: Mama, unaishi Sikonge, kwenye asali, unaniuliza mimi! Tafuta nta ya nyuki iliyochujwa. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta ya alizeti. Yeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, nta inawaka. Mwiko uwe mkavu na umeshapigwa msasa laini. Paka kwa kitambaa, acha usiku mmoja, asubuhi sugua kwa kitambaa kingine kikavu. Ukififia, rudia. Na waambie watakaoutumia wasiuloweke kwenye beseni usiku kucha pamoja na masufuria.