Maji ya bomba ya Malindi na bia ya nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama maji ya bomba yanayosoma pH 7.8 (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ni lazima uyashushe namba hiyo kabla ya kupikia bia. La, namba hiyo peke yake haikwambii kitu. Cha kupima ni uji wa kimea: baada ya dakika 15 hivi tangu uchanganye kimea na maji ya moto, chota kidogo kwenye kikombe, kipoe kabisa, ndipo uchovye mita ya pH. Ikisoma kati ya 5.2 na 5.6, endelea na kazi. Uji wa moto huila ile ncha ya kioo ya mita upesi, na bei yake unaijua. Mita yenyewe irekebishe kwanza kwa maji ya kupimia ya pH 4 na 7. Karatasi za rangi za kupimia pH mimi siziamini, hasa kwa kimea cheusi. Uji unazitia rangi yake.

Uji ukibaki juu ya 5.6, mchawi ni bikaboneti, madini ya kwenye maji yanayozuia pH kushuka. Chungulia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe umetokana nayo. Chemsha maji, yaache yatulie, mimina ya juu, mashapo yabaki. Klorini nayo itakuwa imetoka. Uji bado unasoma juu? Tia asidi ya laktiki tone kwa tone, huku ukipima. Ya kisima achana nayo, visima vingi vya huku pwani vina chumvi.