Ripoti ya CT-Scan ya mzee ilinitoa jasho, kumbe nilikuwa naisoma vibaya

Juzi nimetumiwa tena ripoti ya kifua na jamaa wa dukani, baba yake kalazwa na nimonia ya virusi, na swali lake ni lilelile nililouliza mimi mwaka 2021: "hapa si ndo wameandika mapafu yameisha?" Hapana kaka, hawajaandika hivyo. Mi sio daktari, nauza vipuri Gerezani, ila hili somo nimelilipia ada kwa hiyo wacha nilimwage hapa.

Mzee wangu anakaa Mbagala. Alianza na mafua tu, tukasema ni baridi ya Julai, mama akampigisha nyungu siku tatu mfululizo. Siku ya tano akawa anakatisha maneno katikati, anasema "nileteeni", anapumzika, ndo anamalizia "maji". Ukishaona mtu anaongea hivyo nyungu ya nne iache, tafuta gari. Na kilikuwa kipindi kile cha Korona, kila msiba ukienda unaambiwa marehemu alipata changamoto ya upumuaji, wiki chache tu kabla Mama Samia hajachanjwa hadharani tarehe 28 Julai, kwa hiyo woga ulikuwa juu tayari.

Eksirei ikatoka karibu safi. Tukashangilia, dada akaanza kukunja shuka turudi nyumbani, lakini dokta hakucheka maana kile kimashine cha kubana kidole, kinachopima oksijeni kwenye damu kwa asilimia, kilikuwa kinasoma 88. Siku za mwanzo eksirei inaweza ikakudanganya kabisa, kwa sababu ni kifua kizima kimebanwa kwenye kivuli kimoja, kitu chepesi kinajificha nyuma ya mbavu na moyo. CT-Scan yenyewe inakukata vipande vyembamba kama mkate wa slesi halafu wanakagua slesi moja moja. Kwa hiyo siku ya sita akapelekwa.

Kipimo chenyewe kifupi mno, foleni ndo ndefu. Mvue mgonjwa cheni na chochote cha chuma kifuani kabla hajaitwa. Dawa ya kuchoma mshipani ya kung'arisha picha mzee hakuchomwa, kwa nimonia tu mara nyingi haihitajiki, wanaichoma wakihisi damu imeganda kwenye mishipa ya mapafu, na hapo waambie mapema kama ana shida ya figo au aliwahi kudhurika na hiyo dawa. Kinachosumbua ni pumzi. Wanamwambia vuta, shikilia, ni sekunde chache tu, ila kwa mtu anayehema kama kakimbilia mwendokasi hizo sekunde ni nyingi. Mzee akakohoa katikati, picha ikacheza, wakarudia. Ningejua ningemfanyisha mazoezi kule kwenye korido.

Ripoti ikaja kwa Kiingereza, nikaipiga picha nikarusha grupu la familia. Usifanye hivyo! Binamu mmoja akagugo akatuandikia kwamba mapafu ya mzee yana vioo, tena pande zote mbili. Shangazi wa Tanga akaanza kuulizia nauli.

Aliyenituliza ni dokta wa wodini, mama mtu mzima, alinikalisha mbele ya skrini. Akasema hewa kwenye hii picha ni nyeusi, mfupa mweupe, kwa hiyo pafu zima linatakiwa liwe jeusi lenye vijistari vyeupe vya mishipa ya damu. La mzee lilikuwa na madoa ya kijivu chini na kwa nyuma, pembezoni huko karibu na mbavu. Akaniuliza, ushapanda daladala asubuhi ya mvua madirisha yote yamefungwa? Kioo kinapata ukungu, taa za nje unaziona ila kwa shida. Ndo hicho "kioo" walichoandika, kwa Kiingereza "ground glass". Mishipa bado unaiona ndani ya ule ukungu, yaani pafu lina uvimbe na majimaji kidogo, halijaoza. Likiwa doa jeupe kabisa kama limepakwa chokaa na mishipa huioni, basi hapo vijifuko vya hewa vimejaa. Na ile ya pande zote mbili iliyotutisha kumbe kwa Korona ni kawaida, wale wagonjwa 41 wa mwanzo wa Wuhan, China, walioripotiwa Januari 2020, 40 walikuwa hivyohivyo.

Nikamuuliza sasa ni Korona au mafua makali tu? Akasema picha haitaji jina la kirusi, virusi vingi vinafanana huku ndani, jina analitoa yule wa kipimo cha puani. Makohozi akayapeleka pia, TB hupenda zaidi sehemu za juu za mapafu lakini kwa mji wetu huu hawaachi kuitafuta.

Sasa kosa langu kubwa. Siku ya 13 mzee katolewa oksijeni tangu jana yake, anakula ugali, anamgombeza mama. Mi nataka CT nyingine nione kama kapona. Dokta akaniambia, "mwanangu, baba anakula, anaongea, kidole kinasoma 95, hiyo picha unaitakia nini?" Nikaja juu, nikahangaika mpaka nikapata wa kuiandika, bima ikagoma, nikalipa hela ya ada ya mtoto. Ikatoka mbaya kuliko ya kwanza! Palipokuwa na ukungu sasa chokaa. Usiku ule sikulala, na mzee anakoroma.

Kumbe picha inatembea nyuma ya mgonjwa. Madoa huzidi kuongezeka mpaka kama siku ya 10 hivi tangu dalili zianze, wengine zaidi, na yanachukua wiki kadhaa kufutika wakati mwenye mapafu keshaanza kuulizia mpira. Nimemwongezea mzee mionzi bure, CT moja ya kifua kwa kawaida ina mionzi ya eksirei makumi, wengine wanasema hata mamia. Kwa umri wake sio mwisho wa dunia, ila kwa kijana au mjamzito ni jambo la kuuliza kwanza. Kurudia kuna maana kama mtu alishapata nafuu halafu oksijeni ikaporomoka ghafla, au kifua kinachoma, au mguu mmoja umevimba, hapo wanatafuta damu iliyoganda na wala usibishane.

Vinginevyo angalia kidole na pumzi. Chini ya 94 piga simu kwa daktari, chini ya 90 usisubiri kukuche. Hesabu pumzi dakika nzima bila kumwambia unamhesabia, mtu mzima akizidi 30 ni hatari hata kama jana picha ilikuwa nzuri.

Na CD ya picha pamoja na ile bahasha kubwa ya filamu usiviache kwenye bajaji. Miezi mitatu baadaye mzee alipiga eksirei tu, dokta akailinganisha na za mwanzo, ukungu umeondoka, kimebaki kijimstari chini kulia. Siku hizi bahasha inakaa na hati ya kiwanja, na mgeni akija inatolewa, mzee anaishika dirishani kichwa chini miguu juu anawaonyesha daladala lake.