Doa moja kwenye TLC, zao asilimia 104

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafanya utafiti wa uzamili katika kemia ogani. Msombo wangu ni mafuta mazito, nimeusafisha kwa safu ya silika kwa heksani na ethili asetati. Bamba la TLC (kromatografia ya tabaka jembamba, ya kupima usafi) linaonyesha doa moja tu, lakini zao, yaani kiasi nilichopata dhidi ya kinachowezekana, ni asilimia 104, na spektra ya NMR ya hidrojeni (mwangwi wa sumaku wa viini, unaoonyesha hidrojeni za molekuli) ina vilele vya ziada kwenye ppm 4.12, 2.05 na 1.26. Nirudie safu?

JIBU: Marahaba. Usirudie! Utapoteza msombo bure, na vilele hivyo utavikuta tena.

Ikiwa ulipima ndani ya klorofomu yenye dutiriamu (hidrojeni nzito), hiyo ni ethili asetati uliyotumia kwenye safu, imebaki ndani ya mafuta na kuongeza uzito. Kilele cha 4.12 kimegawanyika mara nne, cha 2.05 hakijagawanyika, cha 1.26 kimegawanyika mara tatu, kwa uwiano wa 2:3:3. TLC haingekuonyesha: kiyeyusho hicho huruka bambani kabla hujawasha taa ya urujuanimno, na hata kingebaki, hakifyonzi mwanga wa nanomita 254.

Zao halisi unaweza kulikokotoa sasa hivi. Tumia kilele cha 4.12, kwa sababu kwenye 1.26 hujitokeza pia heksani na grisi ya viungio vya vioo. Tuseme uzito wa molekuli yako ni 300. Kilele cha hidrojeni moja ya msombo kipe eneo la 1.00. Kilele cha 4.12 kikisoma 1.00 pia, basi kwa kuwa kinabeba hidrojeni mbili, una nusu moli ya ethili asetati kwa kila moli ya msombo. Moli yake ni gramu 88, kwa hiyo gramu 44 zimejificha juu ya kila gramu 300. Zidisha 104 kwa 300, gawa kwa 344: unapata karibu asilimia 91, zao zuri sana.

Mafuta mazito hushikilia kiyeyusho kwa ukaidi. Yayeyushe kwa diklorometheni kidogo, vukiza, rudia mara mbili au tatu, kisha yaache kwenye pampu ya ombwe. Pima uzito, rudisha, pima tena, mpaka usibadilike. Ila kama msombo wenyewe ni mwepesi wa kuvukiza, pampu itaondoka nao, hivyo usiiache usiku kucha. Halafu piga NMR upya; diklorometheni iliyobaki utaiona kwenye 5.30. Kwenye tasnifu andika zao la baada ya kukausha.