Namba 1127 kati ya 1500: soma kolofoni kabla ya kulipia sahihi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Tukuyu. Kuna mzee huko Iringa anauza vitabu vyake vya zamani. Kimoja ni tamthilia ya kale ya Kigiriki kwa Kiingereza, chapa ya Limited Editions Club (klabu ya vitabu ya New York) ya miaka ya 1930, kimo ndani ya kasha lake. Ukurasa wa mwisho unasema zimechapwa nakala 1500, namba 1127 imejazwa kwa kalamu, na chini yake kuna sahihi ya mchoraji kwa penseli. Anacho na kingine chenye michoro ileile lakini hakina sahihi, na bei yake haifiki hata robo. Nitajuaje kama sahihi si ya kughushi? Namba 1127 si kubwa mno? Na kwa mvua za huku kwetu, kitabu cha namna hii kitapona?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Anza na ukurasa huohuo wa mwisho, ila sahihi iache kwanza. Ukurasa huo unaitwa kolofoni, nao ndio cheti cha kuzaliwa cha kitabu: unataja nani amepanga herufi, mtambo wa nani umechapa, karatasi ya kiwanda gani, picha zimepatikana kwa njia gani, na nakala ngapi. Mtu anayeghushi huhangaika na jina la mchoraji tu. Ni mara chache akumbuke kwamba kila kitu kinachotajwa pale kinaweza kukaguliwa ndani ya kitabu chenyewe.

Kwa hiyo kagua. Kama kolofoni inataja karatasi ya kiwanda fulani, inua ukurasa mmoja mweupe dhidi ya mwanga wa dirisha uitafute alama ya maji, yaani nembo iliyofichika ndani ya karatasi. Kama inasema picha ni chapa za sahani ya shaba, washa tochi ya simu uilaze karibu na ukurasa, mwanga upite kwa ubavu. Sahani ya shaba hushindiliwa kwa nguvu kwenye karatasi iliyoloweshwa, na mara nyingi huacha mfuo wa mstatili kuizunguka picha. Ukipitisha kidole kisafi upande wa nyuma utauhisi. Herufi nazo, kama zilichapwa kwa herufi za madini ya risasi, huzama kidogo kwenye karatasi, na chini ya lenzi utaona wino umejikusanya ukingoni mwa kila herufi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kama chujio mahali ambapo kolofoni inadai sahani ya shaba, funga kitabu na urudi nyumbani.

Kisha hesabu picha. Zilinganishe na orodha ya picha iliyo mwanzoni, au na maelezo ya toleo hilo kwenye katalogi za minada na maktaba. Hili watu hulipuuza, kumbe ndilo linaloumiza zaidi. Toleo la klabu hiyo la tamthilia ya Lysistrata la mwaka 1934, nakala 1500 zenye sahihi ya mchoraji Picasso, lina chapa sita za sahani, na zipo nakala zilizonyofolewa chapa hizo ziuzwe mojamoja kwenye fremu. Kitabu kinabaki na kasha, namba na sahihi, lakini tumboni hakina kitu. Pale ukurasa uliponyofolewa hubaki kijiukanda chembamba karibu na uzi wa mshono. Fungua taratibu ukitafute.

Sasa sahihi. Unahitaji lenzi inayokuza mara 10, ileile ya masonara na wanunuzi wa dhahabu. Mbeya mjini, kwa kuwa dhahabu ya Chunya hupitia hapo, haikosekani. Penseli halisi huacha chembe zinazong'aa juu ya vilima vya nyuzi za karatasi na kuruka mabonde, na kwa mwanga wa ubavu utaona kijifereji kidogo pale mkono ulipokandamiza. Sahihi iliyochapwa ili ifanane na penseli haina mng'ao wala kijifereji. Ya wino huwa nzito pale mistari inapopishana na pale kalamu iliposimama, na huingia ndani ya nyuzi. Usijaribu kufuta hata ncha ya herufi kwa raba ili kuhakikisha. Kuna watu wameshauriwa hivyo, na walichopata ni sahihi iliyochubuka.

Lenzi itakuambia kama ni penseli, haitakuambia ni penseli ya nani. Hapo linganisha, na ulinganishe na nakala nyingine za toleo hilohilo; sahihi ya mchoraji huyo kwenye barua au picha zake haitoshi. Mtu anayetia sahihi karatasi 1500 mfululizo hufupisha jina, mkono unakimbia, herufi za mwisho zinakuwa mkia tu. Mimi sahihi iliyonyooka na kupambwa kama ya cheti cha ndoa hunitia shaka kuliko ile ya ovyo. Mghushi hujulikana kwa mwendo: huanza kwa kitone kizito, huinua penseli mahali pasipostahili, mstari wake hutetemeka kwenye kona kwa sababu anachora badala ya kuandika.

Kuna kipimo kingine cha dakika moja. Taa ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagulia noti iazime, zima taa ya chumba, imulike kolofoni kwa sekunde chache, kisha imulike kurasa nyingine za kitabu. Kemikali za kung'arisha karatasi zilianza kutumika kwa wingi takriban mwaka 1950. Ukurasa wa miaka ya 1930 hautakiwi kuwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Kurasa zote zikiwa zimefifia na kolofoni pekee ikawaka, ukurasa huo umepachikwa baadaye. Lakini usigeuze kipimo: karatasi isiyowaka si ushahidi wa uzee, kwani hata leo zipo karatasi zinazotengenezwa bila kemikali hizo.

Kuhusu namba 1127, usiwe na wasiwasi. George Macy alipoanzisha klabu hiyo New York mwaka 1929, aliuza kwa uanachama: wanachama 1500, kitabu kimoja kila mwezi, na kila mwanachama alikuwa na namba yake iliyojazwa kwenye vitabu vyake vyote. Kwa hiyo 1127 ni namba ya mtu, haihusiani na zamu ya kutoka mtamboni. Dhana kwamba namba ndogo ina picha kali zaidi imetoka kwenye chapa za sanaa zinazouzwa mojamoja, ambako sahani laini huchakaa. Na hata huko karatasi aghalabu hutiwa namba bila kufuata mfuatano wa uchapaji. Namba 1 au 2 mtu atailipia kwa fahari. Kati ya 300 na 1300 sioni sababu ya kuongeza hata shilingi. Namba hiyo inakufaa kwa jambo jingine: muulize mzee kama anavyo vingine vya klabu hiyo. Vikiwa na 1127 vyote, vimetoka kwenye rafu ya mwanachama mmoja, na huo ni ushahidi mzuri kuliko maelezo ya mdomo.

Kile cha bei ndogo kinaelekea kuwa cha Heritage Press, chombo ambacho Macy huyohuyo alikianzisha mwaka 1935 ili wasomaji wa kawaida wapate michoro na maandishi yaleyale kwa bei nafuu. Hakina namba wala sahihi, karatasi ni duni kiasi, na picha mara nyingi zimehamishwa kwa njia nyingine ya uchapaji. Si bandia, ni kitabu cha heshima cha kusomea. Tatizo huja pale muuzaji anapokiita "toleo maalumu" na kukitoza kama ndugu yake. Jina la mchapishaji lipo kwenye ukurasa wa kichwa, lisome. Na kwa jumla, maneno "idadi maalumu" bila idadi kutajwa ni tangazo la biashara tu.

Kasha nalo lina bei yake. Toa kitabu kwa kuinamisha kasha kiganjani kiteleze chenyewe, usikivute kwa kidole juu ya mgongo. Hapo ndipo migongo mingi ilipochanika. Mgongo uliopauka kuliko majalada unaonyesha kasha lilielekea dirishani miaka mingi. Hilo halirekebishiki, kwa hiyo lidai kwenye bei. Ulizia pia barua ya mwezi, kijikaratasi kilichotumwa pamoja na kila kitabu. Huenda kimekunjwa ndani ya jalada.

Sasa njia ya kutoka Iringa hadi Tukuyu. Iringa kuna upepo na ukavu, hasa Juni hadi Oktoba, na kitabu kilichokaa huko kimezoea hivyo. Tukuyu ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na huko neno ukungu lina maana zake zote mbili: ule unaoshuka kutoka Rungwe na ule unaoota kwenye karatasi. Wa pili huanza unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa. Lengo lako liwe kati ya 45 na 55. Kabla ya rafu nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali, maana bila hicho utakuwa unabahatisha.

Safarini kifunge kwa karatasi nyeupe safi, kisha boksi, kisha boksi kubwa zaidi lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa karatasi zilizofinyangwa. Nailoni ikae nje ya boksi, isikiguse kitabu. Ukikifunga kwa nailoni peke yake, unyevu wa mahali kilipotoka unafungiwa humo, na gari likipanda kwenye baridi unageuka matone. Kikifika, boksi likae saa 24 bila kufunguliwa.

Nyumbani, kosa la kwanza la Nyanda za Juu ni kabati jipya la paina. Mbao hizo ni rahisi na zimejaa kwetu, lakini zikiwa mbichi hutoa utomvu na asidi inayogeuza karatasi kuwa ya manjano, na mbao za unga wa kubandika kwa gundi ni mbaya zaidi. Kabati la chuma lililopakwa rangi likakauka kabisa ni bora. Liache mbali na ukuta sentimita 8 au 10, na lisigusane na ukuta wa nje, kwani saruji huwa baridi Juni na Julai na unyevu hujikusanya nyuma yake. Jiko la mkaa la kuotea moto lisiingie chumba hicho; linaleta masizi na mvuke kwa pamoja. Vilevile usivalishe kitabu karatasi ya kahawia ya mifuko, hata kama imetoka kiwanda cha karatasi cha Mgololo na inaonekana imara. Ina asidi, na baada ya miaka utaona kivuli chake kwenye jalada.

Kwa vitabu vichache, dawa rahisi ya msimu wa mvua ni ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Kwa boksi la lita 50 weka nusu kilo ya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, ndani ya mfuko wa kitambaa, na kipima unyevu ndani ambapo utakisoma bila kufungua. Kipimo kikipanda juu ya 55, toa silika uikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, ipoe, irudishe. Kikishuka chini ya 40, punguza silika. Hili la pili watu hulisahau: majalada ya velamu, ile ngozi nyeupe ya ndama isiyochakatwa kwa magome, hujikunja kama chapati ikikauka mno. Ndiyo maana kitabu cha velamu kinaweza kupinda Iringa mwezi Septemba bila tone la maji kukigusa.

Mikono safi na mikavu inatosha, glavu za pamba hukufanya uchane kurasa. Usipake ngozi mafuta, Vaseline wala kiwi ya viatu. Usiguse chochote kwa selotepu. Ukikuta kurasa ambazo bado zimeshikana ukingoni kwa sababu mwenye kitabu hakuwahi kuzikata, ziache hivyo hadi ununuzi ukamilike, kwani zenyewe ni sehemu ya bei.

Ukungu ukiota, kitenganishe kitabu na vingine ndani ya mfuko wa karatasi, kikauke kivulini penye hewa inayopita kwa siku mbili, usikianike juani. Ukigusa na ukapakaa kama masizi, bado u hai, subiri. Ukiwa unga mkavu, upanguse nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, umevaa barakoa, ukipeleka upande mmoja kutoka mgongoni kwenda nje. Kitambaa chenye maji kinausukuma ndani ya nyuzi. Madoa madogo ya hudhurungi yaliyotapakaa kama vipele ni mengine, ni madoa ya kutu, na hayo yachunguze kabla ya kulipa: yakiwa kwenye kurasa za mwanzo na mwisho tu, yapo karibu kila kitabu cha umri huo, yakiwa yameingia kwenye picha, kataa au dai bei ya kile cha Heritage.

Kwa wadudu, ukiona vitobo vyenye unga mpya chini yake, funga kitabu ndani ya mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, mifuko isifunguliwe hadi saa 24 zipite. Cha velamu usikigandishe, kipeleke kwa mtu anayekarabati vitabu.