Kabla hujafunga boksi la vifaa: kwa fundi anayeanza kusimamia ukarabati Moshi

Huku kwetu ukarabati una tarehe moja tu, Krismasi. Mwenye nyumba yuko Dar au Mwanza, mama yake yuko Kibosho, juu mlimani, na kuanzia Septemba simu ni ile ile: fundi, watoto wakija Desemba wakute nyumba imekaa vizuri. Hesabu ya siku ikikushinda, wiki utakayoila ni ya mwisho. Nawaandikia ninyi mnaoanza kusimamia kazi kwa sababu simu nyingi za lawama nilizopokea hazikutokana na msingi wala paa. Zilitokana na wiki hiyo.

Niliwahi kukabidhi bafu mtaa wa Pasua, hapa Moshi, siku maji yamekatika. Mafundi wamechoka, mteja ana haraka, tukafungua koki zikatoa hewa, tukasema maji yakirudi yatatoka. Nikalipwa, nikaondoka. Wiki tatu baadaye mama mwenye nyumba akanipigia: "Baba, huu ukuta wa chumba cha mtoto unatoka jasho." Nilipougusa, skimu, ile lipu laini ya juu, ilibonyea chini ya kidole. Tulibomoa marumaru kumi na nne kukifikia kiungo kimoja cha bomba ambacho hakikushika vizuri kilipochomelewa. Marumaru za aina ile zilikuwa zimeisha dukani, tukaweka zinazokaribiana, na ukiingia bafuni mle hadi leo unaona kiraka. Hasara niliibeba mimi, na ilikuwa haki yangu kuibeba.

Tangu hapo siku mbili za mwisho nimezitoa kwa maji. Bomba linapimwa kabla halijafunikwa, kisha linapimwa tena nyumba ikiwa imekamilika. Kama nyumba inatumia maji ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, jioni funga koki zote na piga picha ya mita. Usiku msukumo wa maji hupanda kwa sababu mji umelala na wanaochota ni wachache, kwa hiyo kiungo kilichovumilia mchana kinaweza kushindwa saa nane za usiku. Asubuhi piga picha nyingine. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja hata kama hupaoni. Nyumba ya simtanki huna mita ya kutazama, basi chovya fito ndani ya tanki, weka alama ya penseli maji yanapofikia, rudia asubuhi.

Halafu pima njia ya maji machafu, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ile nyumba ya Kibosho mwaka mzima anaishi mama na binti wa kazi, lakini Desemba wanalala watu ishirini. Kuflashi choo mara moja na kuona maji yameshuka hakukuambii chochote. Mimi huita vijana wangu wote: mmoja anaflashi, mwingine anafungua bomba la kuogea, wa tatu anamwaga sinki la jikoni lililojaa, kwa wakati mmoja, na mimi nimesimama nje kwenye chemba, shimo ambamo mabomba ya maji machafu hupitia, nimefunua mfuniko. Maji yakipanda kwenye chemba badala ya kupita, afadhali nijue mimi leo kuliko mama ajue usiku wa mkesha mbele ya wakwe. Mara nyingi kinachoziba ni sisi wenyewe. Kijana anaosha bafuni ndoo ya grauti, ile saruji ya kujazia mianya ya marumaru, maji ya saruji yanaingia kwenye bomba na kugandia humo. Waambie siku ya kwanza kabisa: ndoo zinaoshwa nje, mbali na chemba.

Sakafu ya bafu imwagie ndoo nzima ya maji, kaa utazame. Mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita unatosha, lakini macho hayauoni, maji ndiyo yanayouona. Yakituama kwenye kona, hiyo kona inarudiwa. Marumaru nazo zigonge kwa sarafu moja moja. Inayolia tupu haina gundi ya kutosha chini, na itapasuka siku mtu atakapodondosha sufuria.

Umeme una watu wake, na fundi wako wa umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Kazi yako wewe ni kuwasha vyote pamoja, hita ya maji, jiko, pasi na taa za nje, na kubonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya kinga ndani ya bodi. Isipokata umeme, usikabidhi.

Sasa rangi. Plasta ya saruji inataka kama wiki nne kukauka, na huku juu mlimani mvua za vuli zikishika inazidi hapo. Ukipiga rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi, unyevu unakosa pa kutokea, na mwezi mmoja baadaye rangi inavimba malengelenge. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, kilale hapo usiku mmoja. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta haujawa tayari. Kama ni Desemba na wageni wako njiani, mwambie mwenye nyumba ukweli: tupige rangi ya maji sasa, ya mafuta tutapiga mwakani ukuta ukikauka. Wengi hukubali. Wanachokikataa ni kudanganywa. Kasoro za skimu zitafute usiku kwa tochi uliyoilaza ubavuni mwa ukuta, kwa sababu mchana ukuta wowote unapendeza.

Siku ya kukabidhi tembea na mwenye nyumba chumba kwa chumba, yeye ndiye afungue madirisha na kuzungusha vitasa. Anachokitaja kiandike, hata kama unaona ni kidogo. Akiwa mbali, mpigie simu ya video, lakini mama aliye nyumbani ndiye awe jicho lako la kwanza. Anajua mlango gani unakwaruza. Mwonyeshe geti valvu, koki kuu ya kufungia maji, iko wapi na aifunge mwenyewe mbele yako. Waachie picha za mabomba na nyaya ulizopiga kabla ya kufunika, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha, ili atakayetoboa ukuta baadaye asitoboe bomba. Acha boksi zima la marumaru za bachi ile ile, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, maana bachi nyingine hutofautiana rangi, na kopo la rangi iliyobaki likiwa na jina la chumba.

Kuhusu hela, kwenye kandarasi kubwa mwenye kazi huzuia asilimia 5 au 10 ya malipo, na mabaki yake huyatoa muda wa kurekebisha kasoro ukiisha. Sisi wa mitaani tuzoee jambo hilo pia: andikianeni tangu mwanzo kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa orodha ile ya kasoro ikiisha kurekebishwa. Na vibarua wako walipe kabla wewe hujaichukua hiyo ya mwisho.

Januari, wageni wakishashuka mjini, rudi bila kuitwa. Beba bisibisi, silikoni na brashi ndogo. Bawaba mbili tatu zitakuwa zimelegea, na pembeni mwa sinki la jikoni utakuta mahali ambapo silikoni imeachia.