Nashtuka usiku wa manane moyo ukienda mbio, nifanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Tangu Ramadhani iishe nalala vizuri tu alafu mida ya saa nane usiku nashtuka, moyo wanienda mbio, jasho lanitoka, mikono yafa ganzi na naona kabisa sa hii ndio nakufa. Si ndoto, wala sioti kitu. Naruka kitandani naenda kufungua dirisha. Mume wangu yuko shifti ya usiku bandarini kwa hivyo niko peke yangu na watoto. Nishapimwa moyo kwa ile mashine ya ECG, presha, sukari na damu, naambiwa niko sawa. Mama mkwe asema ni jinamizi nitafutiwe mtu. Sasa magharibi ikiingia tu nshaanza kuogopa kulala. Nihamie kwa mamangu Likoni?
Mama Wawili, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Pole, pole sana, maana kuamka unaona roho yatoka na watoto wamelala hapo pembeni na huna wa kumwita si jambo dogo, na anayekwambia uache uoga hajui anachosema.

Jinamizi silo. Mtu wa jinamizi anafungua macho, anaona chumba chote, lakini hawezi kunyanyua hata kidole wala kupiga kelele, ahisi kama amekaliwa kifuani. Ni kwa sababu tukiwa ndotoni ubongo huzima misuli tusije tukarusha mikono na miguu, sasa akili ikiamka kabla misuli haijarudi ndio inakuwa vile, na hupita baada ya sekunde au dakika chache. Wewe unaruka mpaka dirishani! Kwa ulivyoeleza, na kwa vile vipimo vimetoka safi, naona hii ni ile madaktari wanaita paniki ya usiku. Mwili unamwaga adrenalini, ile homoni ya hofu, kama vile kuna mwizi mlangoni, na mwizi hayuko. Unapumua haraka haraka bila kujua, na huko kupumua ndiko kunakofanya mikono ife ganzi, alafu ukihisi ganzi unasema basi nakufa, hofu inapanda tena. Mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha inashuka yenyewe. Haiui mwanangu, hata kama inakaa kama itakuua.

Kwa hivyo ikija usishindane nayo. Kaa kitako ukingoni mwa kitanda, nyayo ziguse sakafu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu mpaka 6, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Jiambie hata kwa sauti, hii ni ile paniki naijua, itapita. Ukisoma Ayatul Kursi soma, tena polepole, pumzi nayo itafuata kisomo. Simu usiishike kabisa, ukianza kutafuta dalili za ugonjwa wa moyo saa nane usiku hutalala tena mpaka alfajiri. Usingizi ukigoma toka uketi sebuleni, kunja nguo za watoto, urudi ukianza kusinzia.

Sasa hiyo Ramadhani uliyoitaja. Tarawehe, kuamka daku, kulala tena baada ya alfajiri, usingizi umekatikakatika mwezi mzima na naona haujarudi mahali pake, na usingizi mbovu unaichochea sana hii hali. Amka saa ile ile kila siku hata usiku ukiwa mbaya, na ule usingizi wa mchana wa saa nzima uache kwa sasa. Kahawa tungu ya jioni pia, na chai kali, maana kafeini, ile kitu ndani yake inayofukuza usingizi, hata masaa matano hivi yakipita nusu yake bado iko mwilini. Na kama kuna muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, hata kidogo, huo ndio wa kuacha kwanza.

Mama mkwe usimgombeze, dua ni dua. Lakini akija mtu anataka kuku na maelfu ya pesa, kataa. Ikiendelea hivi nenda hospitali uulizie kliniki ya afya ya akili, kuna tiba ya mazungumzo inayosaidia sana na wengine hupewa dawa. Vidonge vya usingizi usijinunulie dukani, vinazoeleka vibaya. Na rudi kwa daktari haraka kama kifua kinabana ukipanda ngazi, ukizimia, au ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika.

Kuhusu Likoni, nenda wikendi ukapumzike, mamako akushikie watoto. Kuhama sitaki, kwa sababu ukikimbia chumba leo kesho utaogopa na kile cha Likoni. Mweleze mumeo yote haya kabla hajaingia shifti, mkubaliane na jirani mmoja unayemwamini umgongee ukizidiwa, alafu ulale kitandani kwako.